Mamdogo, Ulisikia Nini Ruangwa?

Mamdogo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea tangu dada yako, mama yangu, alipofariki nikiwa sijaanza shule, na sijawahi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Nimekaa barazani hapa Nambambo, kwenye cherehani. Sishoni. Karatasi nimeilaza pale ninapowekaga kitambaa, na mguu unakanyaga chini kwa mazoea tu.

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na mtu niliyezoea kumwambia kwamba naogopa ni wewe.

Mikorosho imeanza kutoa maua. Asubuhi harufu ya salfa wanayoipulizia inafika mpaka jikoni. Ufuta wa shamba lako la Kiegei tulivuna tukauza. Kikundi cha maombi bado kinakutana sebuleni kwako kila Jumatano, na kiti chako hakuna anayekikalia. Mwanzoni nilidhani ni heshima kwako. Sasa naona wanakiangalia kiti, halafu wananiangalia mimi.

Maana wanakuja, Mamdogo. Wanakuja vilevile walivyokuwa wakija kwako, mwenye tumbo, mwenye ndoto mbaya, mwenye mtoto asiyetembea. Wakristo na Waislamu. "Skola, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye. Tuombee." Najibu nina nguo za watu, nawapa maji ya kunywa, wanaondoka. Wakishaondoka, hata uzi siwezi kuupenyeza kwenye sindano.

Wanafikiri ulikuwa na maneno. Hawajui kwamba maombi yako yalikuwa mafupi kuliko ya mtu yeyote kanisani. Ulikuwa ukishasema "Bwana, huyu ni wako, anaumwa," unaweka viganja juu ya magoti, unanyamaza. Watu wanakohoa. Watu wanafumbua jicho moja kuona kama umemaliza. Na wewe unasema, "Tumeongea vya kutosha. Sasa tunyamaze, na yeye aseme." Siku moja ulinyamaza mpaka ukaanza kukoroma, nikakugusa bega. Ukashtuka. "Nilikuwa nakoroma?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi leo ameongea polepole." Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Na ulichokuwa ukikisikia hakikuwa ngurumo. "Mpeni uji kwanza." "Muulizeni analala wapi." Yule baba aliyekuja anaumwa tumbo, baada ya kunyamaza kote kule ulimuuliza kama amepatana na kaka yake, akalia kama mtoto. Wengine walipona. Wengine hawakupona, na hao uliwasindikiza mpaka makaburini. Na kila asubuhi, ukishamaliza kusali, ulimeza kidonge chako cha presha kwa chai ya rangi. Mama Eliza wa kikundi alipokuuliza kwa nini mtu wa imani anameza dawa, ulimjibu mbele yangu, "Aliniambia nisali. Hakuniambia nitupe dawa."

Hayo ndiyo maneno yanayoninyima usingizi. Kwa sababu baadaye tulikwenda Ruangwa kwenye mkutano wa injili.

Unakumbuka vumbi la siku ile? Tulibanana kwenye gari la Noah na kina Mama Eliza, wanaimba njia nzima, nawe umefunga ile kanga yako ya bluu kichwani. Uwanja ulikuwa umejaa. Yule mhubiri mgeni alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumnyima hilo, na spika zilikuwa kubwa kiasi kwamba nilisikia maneno kifuani kabla hayajafika masikioni. Vijana wakapita na vikapu. Akasema mwenye dawa ya presha, ya sukari, ya kifafa, aje aitupe, Mungu hafanyi kazi na washirika. Watu wakaenda. Wengine walikuwa wanakimbia. Nilikushika mkono nikijua hutainuka, maana wewe nilikuwa nakujua.

Ukainuka.

Ukatembea taratibu, ukafungua pindo la kanga ya kiunoni, ukadondosha karatasi ya vidonge kwenye kikapu. Uwanja ukashangilia. Uliporudi nikakuuliza, "Mamdogo, umemsikia?" Ukasema, "Acha nipumzike kwanza, Skola." Kwenye gari nikauliza tena. Ukafumba macho. Nyumbani nikanyamaza, nikidhani kama kawaida yako utasema siku ukiwa tayari.

Hukuwahi kusema. Ulianguka ukiwa unapepeta choroko uani, jua halijawa kali. Ungo ulibaki mkononi. Ulikuwa ukinitazama kwa jicho moja, mdomo umepinda, unajaribu kuniambia kitu, na mimi nainama nasema, "Sema, Mamdogo, nasikia," na hapakutoka neno. Tulipofika hospitali mjini ulikuwa umeshaondoka.

Kwenye mazishi mchungaji alisema umepokea uponyaji wako mbinguni. Mama Eliza alisema umekufa katika imani. Mimi nilisimama kwenye kaburi nikiwa na swali moja tu, na ndilo ninalo hadi leo. Ulisikia nini Ruangwa? Alikwambia yeye? Au ni spika zile, na watu, na uchovu wa kumeza kidonge kila siku ya Mungu? Sikuulizi kwa kukulaumu. Nauliza kwa sababu kama ni yeye aliyekwambia, basi namwogopa. Na kama si yeye, kama wewe uliyenifundisha kusikiliza ulikosea kusikia, basi mimi ni nani?

Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo nilipomwona Bi Somoe akivuka barabara na binti yake.

Unamkumbuka Zuhura. Wa mwisho wa Bi Somoe, jirani yetu, yule aliyekuwa akija kuokota mabaki ya vitambaa kwangu ashonee wanasesere. Aliolewa Ruangwa, mumewe anafanya kazi huko migodini, naye akarudi kwa mama yake kuja kujifungulia mimba ya kwanza. Mimba ilikuwa bado haijafika wakati wake. Alikuja anaburuza miguu. Kandambili zilikuwa haziingii, alikuwa peku.

"Skola," Bi Somoe akasema, "kichwa kinamuuma tangu juzi. Mjomba wake anataka tumpeleke akasomewe. Mimi nimesema aombewe kwenu kwanza. Mungu ni huyohuyo mmoja, na Mamdogo wako Melania aliniombea mimi nikapona."

Ilikuwa Jumatano. Kikundi kilikuwa ndani, nisingeweza kusema nina nguo za watu. Mama Eliza alikwishatoka mlangoni, amemshika Zuhura mkono, anamwingiza. Wakamkalisha kwenye kiti chako, Mamdogo. Nilitaka kupiga kelele.

Waliomba kwa sauti, wote kwa pamoja, mpaka paka akakimbia. Mama Eliza aliweka mikono juu ya kichwa cha yule binti akaikemea homa, akakemea jini, akakemea kila kitu. Zuhura alifumba macho kwa kuumia. Nikasikia sauti ikisema, "Jamani, tunyamaze kidogo." Kumbe ni yangu.

Wakanyamaza kwa heshima yako.

Nikaweka viganja juu ya magoti. Nikasema moyoni, Bwana, huyu ni wako, anaumwa. Kisha nikangoja ile sauti yako ndogo. Mpeni uji. Muulizeni analala wapi. Haikuja. Kilichokuja ni woga. Ulipanda kutoka tumboni kama maji ya kisimani, baridi, ukanifika shingoni. Nawe uliniambia tangu mdogo kwamba woga si wake, woga ni wa yule mwingine. Basi nikasema, Bwana, kama huu si wako, uondoe. Nikangoja. Ukazidi. Nikasema tena. Ukazidi mpaka meno yakagongana.

Katika kimya kile Zuhura akafumbua macho, akasema taratibu, "Dada Skola, mbona ndani humu mna vimulimuli?"

Mchana kweupe, Mamdogo. Dirisha liko wazi, jua limejaa.

Nikasimama. "Tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

Mama Eliza akanishika nguo. "Skola, kaa. Roho amenishuhudia, huyu ameshafunguliwa. Tukimkimbiza hospitali tunamfanya Mungu mwongo. Wewe umesikia nini?"

Wote wakanitazama. Walikuwa wanangoja nami niseme Bwana amesema, kama wanavyosema wengine, na nusura niseme, maana ingekuwa rahisi. Lakini sikuwa nimesikia neno.

"Sijasikia kitu," nikasema. "Naogopa tu."

"Woga si wa Mungu. Melania mwenyewe alisema."

"Alisema. Na Melania tumemzika."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Mama Eliza aliiachia nguo yangu kana kwamba imemuunguza. Bi Somoe hakungoja mtu aseme zaidi. Alimwinua binti yake akasema, "Kama mwombaji anaogopa, mimi mama yake nangoja nini?"

Tukapata bajaji ya kwenda mjini. Njiani Zuhura alikuwa amelaza kichwa chake kwenye mapaja yangu, na mimi nasema jina la Yesu kwenye kila shimo la barabara, si kwa imani, kwa kuogopa kwamba ataacha kupumua. Nilikuwa naogopa pia kwamba tutafika, nesi acheke, aseme ni uchovu wa mimba, nirudi Nambambo nikiwa mwanamke aliyemkimbia Mungu mbele ya kikundi kizima.

Nesi hakucheka. Alimpima presha, akampima tena mkono wa pili, akaita daktari huku anakimbia. Hatujamaliza kumlaza akaanza kutupwa na degedege, macho yamegeuka, povu, Bi Somoe anaita, "Mwanangu! Mwanangu!" na mimi nimebanwa ukutani. Walisema ni kifafa cha mimba. Wakatutoa nje. Tukakaa chini kwenye sakafu, Bi Somoe na mimi, yeye anavuta tasbihi, mimi nimeshika pindo la baibui lake kama mtoto. Sikuweza kuomba. Nilisikiliza tu milango ikifunguliwa.

Walimpasua. Zuhura yuko hai, Mamdogo. Mtoto, wa kike, alipumua muda mfupi akaacha. Baba yake alifika kutoka Ruangwa akiwa bado na viatu vya kazini, ikawa ni kumzika tu. Nilikwenda. Nilisimama nyuma na wanawake.

Na hapo ndipo yanapoanzia mambo mawili yanayonitisha zaidi kuliko mwanzo.

La kwanza, Mama Eliza anasema kama tungetulia, wangepona wote wawili. Hasemi kwa ubaya. Anasema akilia, anaamini. Nami siwezi kumthibitishia vinginevyo. Najua aliyosema daktari, lakini ninapokuwa peke yangu nayasikia ya Mama Eliza.

La pili ni baya zaidi. Wengine wanasema Skola amepokea. Wanasema nilisikia. Wameigeuza habari, eti Bwana alinitajia ugonjwa kwa jina lake. Bi Somoe aliniletea mihogo akakaa hapa barazani, akaniambia, "Nilikuwa najiandaa kuzika wawili, Skola. Sitasahau." Nikalia mbele yake, maana sikujua kama ninashukuriwa mimi au ule woga.

Ni Zuhura aliyeniuliza sawasawa. Alikuja akitembea taratibu, ameshika tumbo kwenye mshono. Akasema, "Dada, siku ile Mungu wenu alisema nini?"

"Hakusema. Aliniogopesha."

Akafikiri. "Basi na amwogopeshe mtu mwingine tena kwa ajili yangu, kama nitaumwa."

Tangu hapo nawaza. Labda ulinifundisha nusu, Mamdogo, kwa kuwa nilikuwa mtoto na watoto hawapewi yote. Labda upo woga wa yule mwingine na upo woga wa kwake, na hakuna mtu anayejua kuutenga huu na ule mpaka mambo yameisha. Labda wewe mwenyewe Ruangwa uliogopa, na uliogopa kuonekana unaogopa, mbele ya watu wote wale. Ningekuwa na jibu moja tu la kukuomba, lingekuwa hilo. Lakini nimelia nikanyamaza nikangoja hapa kwenye baraza lako, na hujasema. Sasa nakuachia. Kama ulikosea, ulikosea ukimtafuta. Mimi bado ni mtoto wako.

Mtu wa Kiegei ametuma salamu kwamba kesho anamleta mke wake. Hawezi kumeza chakula, amekonda. Nimejaribu kutafuta sababu ya kukataa, nikaitafuta siku nzima. Sina kipaji chako, wala sijui kama kilikuwa kipaji au ni upendo tu uliokuwa nao kwa watu. Nikikosea safari hii, atakayekufa ni mke wa mtu, na nitakuwa nimeweka mikono yangu juu yake.

Lala salama, Mamdogo yangu. Lala, usihangaike na sisi. Nakuahidi hivi: sitamfukuza mtu mlangoni kwako. Nitamkaribisha yule mama, nitasali sala fupi, nitanyamaza. Nitamuuliza kama amekwenda hospitali, na kama hajaenda, nitapanda naye bajaji. Na wakiniuliza nimesikia nini, nikiwa sijasikia kitu, nitasema sijasikia kitu.

Mwanao,
Skola