T ya Tatu

Rognan, Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Torgeir,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu, ambako jua ndiyo kwanza limeanza kuchungulia juu ya mlima. U hali gani, na upepo wa Stavanger unakutendea vipi? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia. Ningekupigia simu, lakini simu unaijua kuikata. Barua haikatiki, basi nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukiliona jina la baba.

Baba alipopigwa na kiharusi nilikuarifu, ukasema pole, yakaishia hapo. Sikukulaumu. Ila hujamsikia anavyozungumza sasa. Yule aliyesoma prufu za gazeti maisha yake yote, akiwinda makosa kabla halijachapwa, akatupigisha makofi mezani silabi kwa silabi mpaka samaki wanapoa, leo maneno yamemkimbia. Unakumbuka siku duka lilipoandika tunge pålegg, maneno mawili yaliyopaswa kuwa moja? Nyama ya ulimi ya kuweka juu ya mkate ikageuka, kwa ile nafasi tu, kuwa vitu vizito vya kuweka juu ya mkate. Baba akamuuliza muuzaji, uso mkavu, kama angehitaji toroli la kubebea. Wewe ulijificha nyuma ya friji kwa aibu. Sasa ulimi mzito ni wake mwenyewe, na anajua. Nilipomkumbusha alicheka kwa upande mmoja wa uso, kisha akalia.

Kinachomtoka ni kitu kimoja tu: natt og. "Usiku na", halafu kimya. Usiku na nini, baba? Na mchana? Na baridi? Nimemtajia kila kinachoweza kuufuata usiku, naye anatikisa kichwa mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Turid, muuguzi anayekuja kumwogesha, aliniambia, "Mwache tu, shoga yangu, hiyo ni santuri imekwama. Utajiumiza bure."

Kibaya zaidi, ameanza kutoroka asubuhi, giza halijaisha. Turid amemkuta barabarani na ndara miguuni, kwenye theluji. Halmashauri wanasema mgonjwa anayezurura bila kujua aendako hawezi kuishi nyumbani. Jumanne ya wiki ijayo tunakaa kikao, na nikikosa la kuwajibu atahamishiwa nyumba ya wazee, ule upande ambao milango hufungwa kwa funguo. Torgeir, wakimfungia mle, hataiona theluji ikiyeyuka. Naogopa sana.

Jana niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Mlango ulikuwa wazi na theluji imeingia mpaka kwenye zulia. Nje niliona alama zake, unyayo mmoja na mstari wa mguu anaouburuta. Kitu cha kwanza kunijia kichwani ni mto, maana katikati haujaganda. Nilikimbia na nguo ya kulalia nikimwita kama mwendawazimu, majirani wakawasha taa. Lakini mstari ule ulifika njia panda, ukauacha mto, ukapinda kuelekea stesheni.

Nilimkuta amesimama penye reli, nyusi zimeganda. Nilimfokea, na sioni haya kukuambia. Nilimuuliza kama anataka kuniua, au anataka wamfungie. Hakunitazama hata. Treni ikaingia, ile inayolala njiani kutoka Trondheim, naye akaukagua kila mlango. Akashuka mwanamke mmoja na skii zake, basi. Treni ilipoondoka baba akasema, "Natt og." Nikamjibu kwa ukali, "Usiku na nini, jamani?" Hapo akapandwa na hasira, ile ile ya prufu mbovu. Akaegemea ukuta, akapiga paja kwa mkono wake mzima: natt. Akapiga tena: tog.

Nattog. Treni ya usiku! Siku zote hizo baba alikuwa akilitamka neno zima, mimi ndiye niliyekuwa nikilikata pasipo pake. Na kanuni yake ninaijua tangu sijaota meno ya ukubwani, kama unavyoijua wewe: natt ina t mbili mwishoni, tog ina moja mwanzoni, na zikikutana tatu, moja humezwa. Lakini ukilikata neno mwisho wa mstari, iliyomezwa lazima irudi mahali pake.

Wewe uliondoka na treni ya usiku, siku ile ile tuliyomzika mama. Ulimpa baba hotuba yako aipitie, akakurudishia na wino mwekundu, kwa sababu uliandika kwamba mama alikuwa hjerte varm, moyo kivyake na joto kivyake, badala ya neno moja la mtu mwenye moyo mkunjufu. Ukamwambia, "Mama yuko kwenye jeneza, na wewe unasahihisha!" Haki ya kukasirika ulikuwa nayo. Simtetei.

Nakuambia tu kwamba hazururi. Anakwenda kukupokea. Nitawaeleza hivyo kikaoni, lakini watasema ni huruma ya binti. Wakikuona wewe watanyamaza. Panda treni ya usiku Jumatatu ijayo, ufike asubuhi kabla hatujakaa. Usimwombe radhi, wala usingoje akuombe. Wewe shuka tu.

Turid anakusalimu ingawa hamjuani, na neno lake la santuri amelifuta. Jibini la kahawia lipo, na kitanda chako nimekitandika.

Nimempa baba barua hii aisome kabla sijaifunga. Akaomba kalamu nyekundu kwa ishara, akaishika kwa mkono wa kushoto. Mkato niliousahau ameuweka, utauona umepindapinda. Alipofika kwenye hjerte varm, kalamu ilisimama juu ya ile nafasi katikati, ikakaa pale mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaiinua, akaliacha kama ulivyoliandika.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Oddny