Mjumbe wa Akiba

Helsinki, 3 Januari

Mpendwa Outi,

Salamu nyingi kutoka mjini. Hujambo? Goti la kushoto je? Na mama yako, bado anazima kifaa chake cha masikio kila ukianza kumwambia habari za daktari? Redio imesema jana huko kwenu Kemijärvi ilifika nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Hapa ni kumi na moja tu, lakini upepo unatoka baharini, na majirani zangu wameshaanza kubandikiana vikaratasi mlangoni kuhusu nani hajamwaga changarawe ya kuzuia utelezi kwenye ngazi. Mimi sijambo. Mgongo unaniruhusu kukaa saa moja na nusu kwa mkupuo, kwa hiyo barua hii naiandika vipande vipande, nikiinuka katikati kukoroga supu.

Kadi yako ilifika tarehe ishirini na mbili Desemba. Ina sentensi nne. Umepata ruzuku ya dansi ya miaka mitatu. Hukuwa na mtu mwingine uliyetaka kumwambia kwanza. Mchezaji wa pili uliyemkusudia ni mimi. Nije Machi. Baada ya miaka sita bila neno hukuandika hata salamu, wala sikushangaa, maana hivyo ndivyo ulivyo.

Nimechelewa kukujibu siku kumi na mbili. Sababu ni kwamba lipo jambo kuhusu ruzuku hiyo ambalo lazima ulijue kabla hatujazungumza habari za Machi, na ukishalijua huenda ukaufuta mwaliko. Nitalifikia. Nikianza nalo hutasoma yaliyobaki.

Kwanza habari zangu. Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi, nafundisha darasa la wacheza dansi wasio na kampuni. Wanakuja kumi, siku ya theluji nyingi wanakuja wanne. Bado wanafika dakika mbili kabla ya kuanza, wanalala chali sakafuni kama maiti wa ajali, na wananililia kama tulivyokuwa tukimlilia mwalimu wetu: “Saija, mama, leo yaonee huruma magoti.” Jumatano nakwenda Vantaa kwa wazee wanaocheza wakiwa wamekaa vitini. Yupo mmoja, Reino, ana miaka themanini na minane, alikuwa dereva wa tramu. Wiki ya kwanza nilipowaambia wapumue, alinikatiza: “Binti, nimepumua tangu vita, bila mwalimu.” Huyo ndiye mtu ninayezungumza naye zaidi kwa wiki. Nakueleza kama habari, si malalamiko.

Kwenye maonyesho ya kwanza ya dansi naenda karibu yote. Watu ni walewale themanini. Nakaa kiti cha mwisho cha mstari ili niweze kunyoosha mgongo. Baadaye wanapanga foleni kumkumbatia mtunzi, kila mmoja na ua lake moja ndani ya karatasi, kisha wanageukiana na kuulizana lile swali letu: sasa hivi unatengeneza nini? Nasema nafundisha. Wanasema vizuri sana, na macho yao yanaelekea meza ya mvinyo. Sijawahi kukaa zaidi ya robo saa.

Mkesha wa Krismasi nilipika uji wa mchele, nikatia lozi moja ndani yake kama inavyopaswa, na aliyeipata lozi na bahati ya mwaka mzima nilikuwa mimi. Mwaka jana pia nilikuwa mimi.

Sasa Tampere. Hatujawahi kuzungumza habari za Tampere, na bila hiyo mengine hayaeleweki. Wewe unaijua kutoka sakafuni. Mimi nitakuambia kutoka pembeni. Kazi yetu ilikuwa ya dakika hamsini, na kwa dakika zote hamsini mguu wako haukutakiwa kugusa chini. Nilikubeba mgongoni, kifuani, mabegani, juu ya mapaja. Tulikuwa tumeionyesha mara arobaini na tatu. Ile ya arobaini na nne, huko Tampere, dakika ya thelathini na nane, kitu kiunoni kilikatika na mguu wangu wa kulia ukafa ganzi. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri sekunde moja. Nilikulaza chini, nikatoka jukwaani kwa miguu yangu mwenyewe, na nyuma ya pazia nikaanguka.

Sikukunong'oneza neno. Nilidhani utatoka nyuma yangu, na taa zitazimwa. Wewe ulibaki. Nikiwa nimelala pale nilisikia ukimya wa ukumbi kwa dakika kumi na mbili, na nilijua kutokana na ukimya ule kwamba unafanya jambo kubwa na kwamba simo ndani yake. Kitandani hospitalini nilisoma gazetini kwamba kutelekezwa kwako jukwaani kulikuwa uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri. Miezi mitano baadaye ulikuwa ukizunguka na zile dakika kumi na mbili peke yako, na jina langu halikuwamo kwenye karatasi ya onyesho. Nilikasirika kuhusu jina. Wewe, nadhani, ulikasirika kwamba niliondoka bila kugeuka. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kwa watu wengine pangekuwa na kelele, vyombo vingevunjwa, na kufikia majira ya joto wangekuwa sauna pamoja. Sisi tulinyamaza, na ukimya ukishapita mwaka hakuna anayejua nani anapaswa kuuvunja.

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Tarehe kumi na mbili Novemba nilipigiwa simu na Annukka, karani wa mfuko uliokupa ruzuku. Mjumbe mmoja wa kamati ya dansi ameshikwa na homa, na mimi ni mjumbe wa akiba. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikubali. Majina ya akiba hayatangazwi, ndiyo maana huna habari. Nilipewa siku mbili kusoma maombi sitini na moja. Lako lilikuwa la hamsini na nne.

Unajua utaratibu. Jina linatajwa, na mjumbe mwenye undugu na mwombaji, au biashara naye, au urafiki wa karibu, au uadui, anasimama na kutoka, anakaa kwenye benchi la korido mpaka aitwe. Sisi ni wachache mno kwa sheria ya namna hiyo. Siku ile korido ilijaa kuliko chumba. Jouko Pelli, yule mtunzi mwenye ndevu, alitoka mara tano, kila mara na kikombe chake, na mara ya tano alisema kwamba tukimtoa kila aliyewahi kucheza na mwombaji, kulala naye au kununiana naye, maombi yataamuliwa na birika la kahawa.

Lilipofika jina lako, mwenyekiti, Tellervo, alivua miwani na kuniangalia mimi. Alisema anajua tulicheza pamoja miaka kumi na moja, lakini kazi ya zamani si kizuizi. Akauliza, mkoje sasa? Nikajibu kwamba hatujasemezana kwa miaka sita. Akauliza, kwa hiyo si rafiki wala adui? Nikasema hapana. “Basi kaa, tuendelee, supu inapoa,” akasema. Annukka akaandika.

Bili zangu za simu zingethibitisha kila neno nililotamka, na bado nilikuwa nimesema uongo. Nilijua wakati nausema.

Katika orodha ya awali pale mezani ulikuwa wa kumi na moja, na nafasi zilikuwa nane. Jouko alisoma mstari wako wa kwanza kwa sauti kisha akaweka karatasi chini. “Ana miaka arobaini na tisa na anataka kubebwa dakika hamsini? Si aite gari la wagonjwa tu, ni bure.” Walicheka. Mimi pia nilicheka, nisijulikane. Halafu nikaomba kusema. Nilisema dakika tatu. Nilisema mimi ndiye niliyekuwa chini ya mwili huo mara arobaini na nne, na kwamba anayebebwa ndiye anayefanya kazi ngumu zaidi, na kwamba katika nchi hii hakuna mwingine anayejua kuwa mzito kwa hiari yake kama wewe. Nilieleza zile dakika za Tampere kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumweleza mtu. Jouko aliacha kucheka, akasema, “Kumbe.” Tulipopiga kura ulikuwa wa saba.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya haki. Ukurasa wa tatu wa maombi yako ulisema mchezaji wa pili bado hujamwomba. Nilisoma mstari huo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Nilitaka awe mimi. Ndiyo sababu nilibaki kitini, na ndiyo sababu nilisema vizuri.

Aliyekuwa wa nane akawa wa tisa. Anaitwa Iiris, ana miaka thelathini na moja, anatoka Turku, na alikuwa akija darasani kwangu kila Jumanne. Kwa jina lake pia nilipaswa kufikiri kama nitoke. Jumanne baada ya majibu kutangazwa aliniambia akifunga viatu kwamba hatakuja tena kwa kuwa amepata zamu za asubuhi kwenye ghala la vyakula. Nikasema pole. Akasema, “Usiwe na sura hiyo, mwalimu, si wewe uliyeninyima.” Nilimshikia mlango. Hata hapo bado nilikuwa nikijiambia kwamba sikuvunja kanuni yoyote, kwa sababu watu wasiosemezana si marafiki.

Siku kumi na tatu baadaye kadi yako ilifika. Hukuwa na mtu mwingine uliyetaka kumwambia kwanza. Nilisimama nayo kwenye ngazi nikiwa bado na kofia kichwani. Sentensi ile ndiyo niliyoingoja miaka sita, nayo ndiyo iliyoondoa kisingizio changu cha mwisho.

Leo asubuhi nimemwandikia Tellervo barua ya kukiri, na nimeshaituma. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ungeniambia nisitume, nami ningekutii. Annukka, nilipomuuliza kwa simu bila kutaja majina, alieleza kwamba uamuzi wa namna hiyo unafutwa na kufanywa upya, na mjumbe mhusika hayumo. Huenda ukabaki wa saba bila mimi. Sidhani. Nimeihesabu kura kichwani mara kadhaa na sipati zaidi ya watatu upande wako. Kwa hiyo ni mimi ninayekupokonya kile ulichonitumia kadi kuniambia kwamba umekipata. Sikuombi unielewe. Nilitaka usikie kwangu kabla hujapata barua yenye nembo ya mfuko.

Kuhusu Machi: nimekata tiketi ya tarehe tano, ya aina isiyorudishwa. Kama hunitaki, niandikie, na nitaiacha tiketi ife. Usiponiandikia nitapanda treni, ruzuku iwepo au isiwepo. Kukubeba siwezi tena, daktari amesema na mguu wa kulia umekubali. Sijui nitafanya nini huko kwenye ukumbi wa shule ulioutaja katika maombi yako. Naweza kufagia, na naweza kukaa pembeni na kukuambia mwili wako unapodanganya.

Msalimie mama yako, kwa sauti. Mwambie yale matunda yake ya porini ya mwaka ule niliyamaliza peke yangu na sikujutia. Jihadhari na barafu ya mlangoni, usishuke ngazi mikono ikiwa mfukoni. Mimi nitaendelea na Jumatano zangu. Reino ameahidi kuninunia nikikosa hata moja.

Fomu ya mfuko niliyoituma pamoja na barua ya Tellervo ina mstari mmoja wa kujaza aina ya uhusiano na mwombaji. Nafasi yake ni fupi, maneno mawili au matatu. Nilikaa mbele yake mpaka mgongo ukanisimamisha, nikajaza nikiwa nimesimama. Nimeandika: rafiki wa karibu. Tangu tulipojuana ndiyo mara ya kwanza nimeliandika neno hilo mahali, na nimeliandika pale litakapokugharimu zaidi.

Wako,
Saija