Mashimo Membamba ya Changamwe

Jumapili, Mikindani. Asubuhi manyunyu, mchana joto la kunata. Nimekaa kibarazani, vidole vyangu bado vina vumbi la chaki ya fimbo, na sijataka kunawa.

Leo nimeshindwa vibaya, na ndani yangu mna furaha nisiyoielewa.

Nianze na mama mkwe. Anaishi nasi tangu mwaka jana. Ni mama wa kanisa, mtu wa maombi, na kwake pool, kupiga mipira mezani kwa fimbo, ni mchezo wa walevi. Kila nikibeba fimbo yangu kwenda kucheza huguna tu. Hasemi neno. Mguno huo hunichoma kuliko matusi. Juzi mume wangu alimwambia kwamba nimebakisha mechi moja niingie timu ya wanawake ya Mombasa, akamsihi aje ajionee.

"Nitakuja," alisema. "Nikaone hicho kinachomtoa nyumbani."

Nikajiapiza kwamba lazima nishinde mbele yake.

Basi tulipotoka ibadani tukaenda moja kwa moja Changamwe, kwenye ukumbi wa mashindano. Mimi nimezoea meza ya mtaani kwetu, ambayo mashimo yake ni mapana. Mipira miwili inaingia bega kwa bega bila kusukumana. Pale mimi ni malkia. Napiga kwa nguvu, mpira unagonga ukingo, unayumba, unatumbukia, watu wanashangilia. Meza ya leo ni ya kiwango cha wachezaji wa kulipwa. Nikaweka mipira miwili kwenye mdomo wa shimo kujaribu. Ikakwama.

Mpinzani wangu alikuwa Zuhura, mzaliwa wa Likoni, ambaye mchezo huu ndio kazi yake na umemfikisha nchi za mbali. Mwanamke mdogo wa umbo, mtandio umefungwa vizuri, hana haraka hata ya kusema. Kabla ya kuanza alimwendea mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Leo mwatuombea sote wawili?"

"Marahaba. Namwombea mkaza mwanangu. Wewe jiombee mwenyewe."

Zuhura akacheka. Mimi nilitaka kulia. Sikujua kama mama huniombea.

Mwanzoni mchezo uliwachosha watazamaji. Nilipiga mipira ambayo nyumbani huingia hata nikiwa ninaongea na mtu, na kila mmoja uligonga mdomo wa shimo huku na huku kisha ukatoka. Jamaa mmoja nyuma akalalamika, "Meza gani hii inayokataa mipira? Afadhali tungekwenda kutazama kandanda." Nilimwelewa. Tumezoea kutazama mipira ikitumbukia mfululizo.

Kisha Zuhura akafanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho.

Mpira wake ulikuwa umelalia ukingo, mbali na shimo. Aliinama, akakaa hapo mpaka nikadhani amesahau. Akaugusa kidogo tu ule mweupe wa kupigia. Mpira wake ukaanza kutambaa kando ya ukingo, polepole mno, watu wakanong'ona kwamba hautafika. Ulifika. Haukugusa upande wowote wa mdomo wa shimo. Ulizama kama mtu anayeingia chumbani mwake.

Nikageuka, nikamwona mama mkwe amemshika mkono mwanamke wa kando yake, mtu asiyemjua kabisa.

Kuanzia hapo hakuna aliyelalamika. Nilielewa jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye meza yetu: shimo lingekuwa pana, mimi na Zuhura tungefanana. Hili jembamba ndilo lililotutenganisha. Na lilibadilisha hata watazamaji. Zuhura alipoona hana njia, aliuficha ule mweupe nyuma ya mpira wake ili nisiweze kuupiga wangu, na watu wakapiga makofi. Kwa mpira ambao haukuingia popote! Yule jamaa wa nyuma alikuwa amesimama juu ya benchi.

Katika raundi ya mwisho Zuhura alikosea, naye pia ni binadamu. Nikabaki na mpira mweusi peke yake, ule wa kumalizia, umenyooka mbele ya shimo. Ningeuingiza, tungekuwa sare na kuongezewa raundi ya kuamua. Nilisikia pumzi za watu. Nikapiga kama nilivyozoea, kwa nguvu.

Ukagonga kushoto, ukagonga kulia, ukasimama mdomoni.

Zuhura aliumaliza kwa mguso mwepesi. Hakushangilia. Alinijia akanishika bega.

"Dada, mkono wako ni mzuri, lakini wapiga kama unayegombana na mtu. Shimo hili ukilipiga kwa nguvu lakutemea mpira. Njoo Likoni tufanye mazoezi."

Timu nimeikosa. Njiani sikuweza kumtazama mama mkwe, nikajua mguno unakuja. Tulipofika akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sasa hivi namsikia akiongea kwa simu na dada yake wa Kaloleni. "Nakwambia ukasimama mdomoni, dada. Ukasimama kabisa! Yule mtoto wa Likoni aupeleka mpira kama anayembembeleza mtoto alale. Na huyu wetu, akifundishwa, watamwona."

Huyu wetu.

Naandika huku machozi yananitoka, na sijui nilie kwa lipi kwanza. Nitakwenda Likoni. Nitajifunza kupiga polepole, hata kama itabidi nianze upya kama mtu ambaye hajawahi kushika fimbo.

Amemaliza simu. Ananiita kutoka ndani.

"Jumapili ijayo yule Zuhura acheza saa ngapi?"

"Saa saba, mama. Tutachelewa, ibada huwa ndefu."

Namsikia akifungua mlango wa chumba.

"Basi kanisani tutakaa benchi la nyuma," anasema, "karibu na mlango."