Kufuli la Tangi na Mikono ya Mwanakombo

Kaka Salimu,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu marehemu mama alinifundisha kumwamkia mkubwa hata nikiwa nimemkasirikia, na leo nimekukasirikia hasa. Natumai u mzima, na wifi na watoto hawajambo. Mimi baridi ya huku Ulaya imenipasua midomo, lakini hilo si la kukuandikia.

Kazi ni ile ile unayowatambia watu hapo Msambweni: kuchunguza jinsi ubongo unavyoanzisha mwendo wa mkono au mguu, na kwa nini wakati mwingine hushindwa kuusimamisha. Sasa tunawatazama panya wanaojilamba mpaka manyoya yanatoka, na bado wanaendelea. Alhamisi niliwaeleza wakubwa zangu tulichokiona, wakanipigia makofi. Nilipotoka ukumbini nikakuta sauti ya Shangazi kwenye simu.

"Mwanangu, nimetoka Gazi kuja kumtazama mdogo wako," alisema. "Tangi la maji limetiwa kufuli. Mtoto kakaa uani atayamamu kwa mchanga, akimaliza aanza tena, mikono yatoka damu. Nikimuuliza kakako, aniambia ni amri yako."

Amri yangu! Nilikaa kwenye ngazi nikalia, wenzangu wakinipita na vikombe vyao vya kahawa.

Nilipokupigia ulikuwa mtulivu kama mtu aliyetoa sadaka. "Si wewe uliyesema tusimwache arudierudie udhu? Basi maji nimeyafunga. Hapo nimekosa wapi?"

Umekosa hapa, kaka. Mdogo wetu Mwanakombo akitawadha humjia shaka kwamba pana mahali hapajapata maji, na shaka hiyo haimpi nafasi mpaka aoshe tena. Ulichokifunga ni maji, shaka umemwachia. Na wewe uliyesoma chuo cha Kurani kunishinda wajua vyema kwamba asiyepata maji hutayamamu, hujipangusa kwa mchanga badala ya udhu. Naye ametii dini yake kwa mchanga, na mchanga unachubua kuliko maji. Ulitarajia nini?

Alichohitaji ni mtu wa kukaa naye akishatawadha mara moja, asimkemee wala asimhakikishie, mpaka shaka ipoe yenyewe. Hayo sikukwambia siku ile kwa sababu nilikuwa nawahi kazini. Wagonjwa wa huku wanaokuja kwenye utafiti wetu nawasikiliza saa nzima kila mmoja. Mdogo wangu nilimpa dakika mbili nikiwa natembea. Kosa hilo ni langu na silikimbii. Lakini mimi mikono yake sikuiona. Wewe uliiona kila asubuhi ukienda dukani kwako Kona ya Musa, ukapita. Kisha ukawaambia majirani eti ni tiba ya Ulaya.

Najua uliogopa nini. Uliogopa watu waseme nyumba yetu ina mwendawazimu, na posa zisije. Mwanakombo si mwendawazimu, wala hana pepo. Ana maradhi, nayo yanatibika. Aibu yako ndiyo sijui itatibiwa na nani.

Jumatatu Shangazi atampeleka kwa daktari niliyekwisha kuzungumza naye, kisha watakwenda wote Gazi akakae huko. Usimzuie, na nasaha zako baki nazo. Tangi lifungue leo, usingoje hiyo Jumatatu.

Nisalimie wifi. Shangazi ameniambia alikuwa akimpaka Mwanakombo mafuta ya nazi mikononi kwa kificho, asije akakuudhi. Mwenyezi Mungu amlipe. Nisalimie na maalimu wetu wa chuoni, ambaye alitufundisha mimi na wewe, tumekaa mkeka mmoja, kwamba yakini haiondolewi na shaka: ukijua umetawadha, shaka haikutengui udhu. Ungemwendea yeye kabla ya kwenda kununua kufuli.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Lakini jana Shangazi alimpa Mwanakombo simu, nikajiandaa kusikia akikulaani. Hakukutaja kwa ubaya hata kidogo. Aliniuliza jambo moja tu: zile sala alizosali huku mikono ikitoka damu, zimekubaliwa au hazikukubaliwa? Nimesoma miaka yote hii, kaka, na hilo silo nililosomea. Sasa nenda ukakae mbele yake, umjibu wewe uliyemnyima maji.

Mdogo wako,
Mwanaisha