Kama Ukucha

2 Julai

Shangazi,

Kuna mlio haujanitoka tangu nina miaka tisa. Ngo! Mara moja tu, mkali, kisha ladha ya damu. Wiki hii mwalimu mkuu aliweka kikombe chake cha bati juu ya meza kwa kishindo, nami nikajikuta nimeshaziba mdomo kwa kiganja. Samahani, nimeanza na mlio badala ya salamu. Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Macho je? Mimi mzima, ila jino.

Unajua nafundisha watoto wasiosikia. Wanasoma midomo. Na mimi nikisema neno lenye meno ndani yake, mkono unapanda wenyewe kuficha lile jeusi la mbele. Juzi msichana mmoja wa darasa la tatu alinyanyuka, akaja mpaka mbele, akaushika mkono wangu akauteremsha, kama mtu anayefungua pazia. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, mkono mdomoni.

Mwalimu mkuu hakucheka. Aliniita ofisini: "Mwalimu, wewe ndiye ubao wao. Ubao unaojifunika unatufaa nini? Shule ikifunguliwa tarehe kumi na mbili Agosti nikikuona bado hivyo, nakuhamishia stoo ya vitabu."

Nimejaribu dawa ya kung'arisha ya dukani, wiki tatu, asubuhi na jioni. Meno yote yameng'aa isipokuwa lenyewe. Sasa linaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Wewe umetengeneza meno ya watu miaka ishirini na sita. Niambie nifanye nini.

Mwanao

9 Julai

Bi Vitabu wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Mimi mzima. Masikio yamestaafu kabla yangu, mashine ya kusagia imeyamaliza, na macho nayo yanaandika barua ya kuacha kazi. Ndiyo maana nakwambia kila siku: simu achana nayo, niandikie.

Nimecheka peke yangu hapa karakana hadi wenzangu wakadhani nimepasua sanamu ya meno ya mteja. Wewe uliyesoma mpaka vitabu vikakuomba mapumziko, unampaka maiti poda! Jino lile lilikufa, mama. Dawa ya kusugua huondoa chai na kahawa kwenye meno hai. Lililovunjika ncha hubandikwa utomvu mgumu wa rangi yake. Yaliyosukumana hufungwa waya. Hayo yote si yako.

Wewe nimekuchagulia maganda ya kauri. Matatu matatu kila upande kutoka katikati, jumla sita, membamba, yanagandishwa juu ya meno yako ya mbele. Nitayatengeneza mimi, kwa mkono huu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Daktari wa huko kwenu ndiye anayetuletea kazi zake kwa gari letu, na nimeshamwandikia. Nenda akuchukue chapa ya meno. Tarehe moja Agosti, Alhamisi, ukae kwenye kiti. Atapunguza kidogo tu ili maganda yakae vizuri. Usiogope, ni kama ukucha.

Mlio huo siukumbuki. Ulianguka ngazini, basi.

Barua mpe dereva wa gari letu, ni mtu mwaminifu ingawa ananukia petroli.

Shangazi yako

17 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini macho hayajakuudhi zaidi. Barua hii inakuja na chapa yangu kwenye boksi moja, kwa hiyo utakaponisoma utakuwa pia umeshika mdomo wangu.

Kuchukuliwa chapa ni kung'ata udongo wa pinki uliojaa kwenye sinia, ukisubiri ushikane huku mate yanakutiririka kama mtoto mchanga. Udongo ulipotoka nilimuuliza daktari, "Na huko kupunguza, ni kama kukata ukucha?"

Akavua miwani. "Nani kakwambia?"

"Shangazi. Fundi wako."

"Ukucha huota, binti. Hili gamba gumu la juu ya jino likisagwa limekwenda. Utavaa maganda maisha yako yote, na kila baada ya miaka kumi, kumi na tano hivi, utayabadilisha."

Nikamwambia, basi tufanye moja tu, lile lililokufa. Akapekua karatasi yako. Akasema jino hilo moja halihitaji hata ganda. Linaweza kutobolewa kwa nyuma, mzizi ukasafishwa na kuzibwa, kisha dawa ya kung'arisha ikafungiwa ndani yake siku kadhaa, na kurudiwa. Halitakuwa jeupe kama karatasi, na baada ya miaka huenda likafifia tena. Lakini majirani zake hawataguswa. Niliuliza kwa nini basi tunazungumzia sita. Akanionyesha mwandiko wako. "Shangazi yako ndiye aliyeandika sita. Anaijua hii kazi kuliko madaktari wengi, nikadhani mmeshazungumza."

Nimekaa na hilo siku mbili. Wewe unajua jino halioti. Hukukosea neno.

Na jambo jingine. Ngazi za nyumba yetu zilikuwa za saruji. Saruji hailii ngo.

Mwanao

27 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, kwa sababu hujajibu. Dereva ameleta boksi tu. Nilitikisa, nikapekua pamba yote, nikageuza kifuniko. Hakuna hata kipande cha karatasi.

Ilikuwemo sanamu ya plasta ya taya langu, na juu yake meno sita ya nta, uliyoyachonga ili nione nitakavyokuwa. Nimeiweka kwenye dirisha la chumba changu. Ni mazuri, Shangazi. Ni mazuri mpaka nimekasirika. Umeweka hata ule mstari mdogo wa wima ambao meno ya baba yangu yalikuwa nao. Nimesimama na kioo mkono mmoja na sanamu mkono mwingine, nikitabasamu na kununa, kutabasamu na kununa, mpaka mwenzangu wa nyumba akagonga mlango kuuliza kama nazungumza na mtu.

Nayatamani. Sitaki kukudanganya. Kwa haya nisingeuinua tena mkono hata siku moja. Ila nikiuliza ulimi wangu, unapita juu ya yale matano yasiyo na kosa, unayahesabu, unarudi.

Alhamisi ni baada ya siku tano. Daktari ameniandika saa tatu asubuhi. Nijibu, tafadhali. Usipojibu nitakaa kwenye kile kiti bila kujua nakaa kwa ajili ya nani.

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Dereva amekubali kuondoka leo badala ya kesho ili hii ikufikie. Leo sikuiti Bi Vitabu.

Kilikuwa kikombe cha bati. Mama yako alikuwa kazini, baba yako safarini, na wewe una homa siku ya tatu. Dawa ilikuwa chungu. Ya kwanza uliitema kwenye godoro, ya pili kwenye gauni langu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, sijalala, na nilikuwa na hasira. Nikakushika kisogo kwa mkono huu wa kushoto, nikakisukuma kikombe kwa huu wa kulia. Nikasikia. Mlio huo ndio wa mwisho nitakaousahau, na sasa sisikii mingine ya kuufunika.

Mama yako aliporudi nikasema umeanguka ngazini. Ulikuwa kitandani unanitazama. Hukusema kitu. Sijui uliamini au ulinihurumia.

Jino likaanza kuwa kijivu, baadaye jeusi. Mwaka uliofuata nikaomba kazi karakana. Watu huniuliza nani aliniingiza kwenye ufundi huu, nami huwajibu ni njaa.

Kwa nini sita? Kwa sababu moja likitengenezwa, matano yaliyobaki hukumbusha lilikuwa lipi. Nilitaka pasionekane popote kwamba kuna kitu kiliwahi kutokea. Nikaandika kama ukucha. Ndivyo tunavyowaambia wateja waoga, na nilijua kwamba nakudanganya kwa mara ya pili.

Mwisho wa mwezi ujao naacha kazi, macho yamekataa. Yale ya nta ndiyo ya mwisho niliyochonga.

Ulipokuja kunitembelea mwaka jana uliongea nami siku mbili mkono ukiwa mdomoni. Sikupata hata neno moja. Nilikuwa naitikia tu kwa kichwa. Keti kwenye kiti kwa ajili yako. Hata ukiamua kutokwenda, iwe kwa ajili yako.

Shangazi yako

15 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta umekaa, umevaa miwani, na hujamwagiza mtu akusomee.

Alhamisi ile nilikwenda. Barua yako nilikuwa nimeikunja ndani ya sidiria, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatoka jasho. Daktari alinilaza, akawasha taa, akashika mashine ya kusagia. Iliponguruma nikainua mkono, na kwa mara ya kwanza haukuwa wa kuziba mdomo. Nikasema, "Moja. Kwa ndani."

Akazima. "Shangazi yako atanisema."

"Shangazi ameshasema," nikamwambia.

Alisafisha mzizi siku hiyo, akaniwekea dawa ya kwanza, na Alhamisi iliyofuata akairudia. Leo limezibwa. Limekuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mtu akitazama sana ataliona. Yale matano nimerudi nayo nyumbani.

Niliamini, Shangazi. Nilikuona unalia ukifua lile gauni, nikadhani unalia kwa sababu nimeanguka, nikasadiki kwamba nimeanguka. Bado nina hasira. Imekuwa ndogo, lakini ipo, na nadhani utapenda nikuambie kuliko nikufiche. Nitakuja mwisho wa mwezi huu, siku yako ya kuaga karakana, na nitakaa mbele yako kwenye mwanga.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni dakika kumi, akaondoka. Stoo ya vitabu bado haina mtu.

Sanamu yako sikukurudishia. Jana niliipeleka darasani. Tunajifunza "f", na hakuna njia ya kuieleza kwa mtoto asiyesikia ila kumwonyesha meno ya juu yanapokutana na mdomo wa chini. Nikaipitisha meza kwa meza. Waliyagusa meno yako ya nta, kisha wakagusa yao, kisha yangu. Yule msichana wa pazia alibonyeza kwa nguvu kuliko wenzake, na kwenye jino la mbele, lilelile, ameacha alama ya ukucha. Aliniangalia kwa hofu. Ningeweza kuipasha nta moto kidogo na kuilainisha, ulishanifundisha nilipokuwa mdogo.

Nimeiacha.

Mwanao