Mlima wa Hina

Changamwe, Jumanne, 1991

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, ikakatika adhuhuri. Sasa ni fukuto tupu na harufu ya mafuta kutoka kiwandani. Dirisha nimelifunga. Mwanamke aliye edani hachungulii barabarani, na barabara yetu haina haya, kila apitaye hutupa jicho ndani.

Nimechoka na kuta hizi. Basi, nimesema.

Tangu mume wangu Salim afariki sijavuka kizingiti. Sijitii manukato, sipaki wanja, sionani na mwanamume asiye maharimu wangu, yaani yeyote awezaye kunioa. Sheria naijua na siipingi. Lakini kujua kwa nini mlango umefungwa hakuongezi hewa chumbani. Kila jioni wanawake huja kunipa pole ileile, nami huwajibu nimeshapoa, na wala sijapoa.

Kinachoniponya ni reli ya Salim.

Chumba cha nyuma kimejaa meza yake, aliyoipigilia humo humo ndani, pana kuliko mlango. Juu yake huzunguka treni ndogo aliyoinunua kwa baharia mmoja bandarini, alikokuwa fundi wa umeme. Kuna stesheni ya maboksi ya majani ya chai, daraja la vijiti vya ufagio, miti ya madodoki, na mlima wa magazeti yaliyorowekwa kwenye uji wa ngano. Alipokuwa hai, ruhusa yangu ilikuwa kufagia chini yake tu. “Mkono wako mzito, Zuhura,” akiniambia huku akicheka, lakini hakuwa akitania.

Kwa hiyo naandika hapa lile nisiloweza kumwambia mtu. Namlilia Salim, na papo hapo nafurahi kwamba sasa meza ni yangu. Mungu anisamehe, yote mawili ni kweli.

Kila siku nasugua reli kwa kitambaa chenye spiriti, maana hewa ya chumvi ikizitia kutu treni hukwama. Wiki iliyopita nikakuta mende wameula mlima. Uji wa ngano kwao ni karamu. Wametoboa ubavu mzima hadi wavu wa kuku ulio chini yake unaonekana. Nikabandika magazeti mapya, na safari hii uji nikautia maji ya mwarobaini ili wakome.

Yakabaki majani. Vumbi la mbao alilolitia Salim rangi ya kijani lilikuwa limekwisha, nami siwezi kwenda dukani Magongo. Nikafungua kabati, nikaona pakiti za hina zilizobaki tangu Idi. Unga wa hina ni wa kijani, tena laini. Jana nikaunyunyiza juu ya gundi mbichi na kuusawazisha kwa viganja alasiri nzima, roho yangu imetulia kama haijapata kutulia tangu msiba.

Mwanamke wa pwani mimi, niliyewapaka maharusi wengi, nikasahau hina ikilowa hufanya nini.

Nilipoosha mikono, ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo.

Leo mchana akaja wifi yangu Mwanaidi, dada yake Salim, na bakuli la mchuzi. Nikanyoosha mikono kulipokea.

“Ala! Hina? Ndani ya eda ya ndugu yangu?”

“Si ya kujipamba, wifi. Wallahi, ni ya mlima.”

“Mlima gani, Changamwe hii?”

Nikampeleka chumba cha nyuma nikamwonyesha, na hilo likawa kosa la pili. Aliutazama mlima, ambao nao umegeuka kahawia, akanitazama mimi, akalia. Sikujua kama analia kwa ajili ya nduguye au kwa aibu yangu. Alipojifuta uso alisema meza hiyo ndiyo inayonipumbaza, kwamba mjane hachezi na treni. Kesho asubuhi shemeji Athumani, mdogo wao, atakuja na mafundi na msumeno waikate waitoe vipande vipande.

“Nawe ukae chumbani mwako, wasikuone.”

Hakuniuliza. Katika nyumba hii mimi ni wa kuambiwa pa kukaa.

Alipoondoka nikajitupa kitandani nikalia kwa hasira, nikauma na shuka. Niliwaza kumpigia magoti Athumani. Niliwaza kumfuata fundi hadi uani, watu waseme watakayo. Kisha maneno ya wifi yakanirudia: wasikuone. Machozi yakakatika.

Athumani si maharimu wangu. Mafundi wake pia si maharimu wangu. Hakuna mwanamume hapa mtaani, awe na msumeno au panga, atakayethubutu kuingia chumba alimo mwanamke wa eda.

Nimeliburuta godoro langu. Naandika haya nikiwa chini ya meza, miguu imetokeza upande wa stesheni. Chumba changu ni hiki kuanzia leo. Wifi kasema nikae chumbani, nami nimetii.

Tangu Salim azikwe, kila nikiswali nimekuwa nikiomba eda iishe upesi nitoke. Leo baada ya magharibi nimeomba ichelewe. Siku nitakayoruhusiwa kutoka, ndiyo siku Athumani atakayoruhusiwa kuingia.