Sauti ya Chini

Iida, mwezi wa nne

Mpendwa Dada Chizuru,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Osaka, wewe na shemeji Daisuke. Sisi hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua kila mvua ikinyesha. Maua ya mcheri yamekwisha kupukutika, na mwaka huu pia hukuyaona.

Shule nimemaliza. Klarineti ya shule nimeirudisha, sasa napiga ile uliyoiacha. Jumapili nilikwenda kujaribiwa na bendi ya mji. Unanijua, dada, watu wakinitazama nang'ata. Niliubana ule ulimi wa mwanzi wa klarineti hadi sauti ikapanda juu ya wenzangu wote. Mwalimu Kuroiwa akasimamisha bendi, akaniuliza kama nimetafuna plamu chachu ya chumvi. Watu wakacheka. Kisha akaniambia kwa upole nilegeze midomo, nirudi wiki ijayo. Sauti ikipanda tena, nafasi atampa mwingine.

Basi jana jioni nilifanya mazoezi chumbani kwetu. Nikalegeza, nikalegeza mno, sauti ikashuka chini ya panapotakiwa. Nikashtuka. Ilikuwa sauti yako, ile uliyokuwa ukikemewa bendini kila siku: "We Chizuru, kaza midomo, umelala?" Sikuweza kuiacha. Niliivuta mpaka pumzi ikaniishia.

Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amesimama, vijiti vya kulia bado mkononi. Akauliza, "Chizuru, umefika saa ngapi?"

Aliponiona ni mimi, akashusha vijiti. Akasema tu supu inapoa, akageuka.

Tangu ulipoolewa bila ridhaa yake, hakuna anayethubutu kukutaja mezani. Bakuli lako la wali, lile lenye picha ya sungura, alilipandisha mwenyewe juu ya kabati. Leo asubuhi nimemkuta analiosha. Mama akamtazama. Baba akafoka eti lilikuwa na vumbi, tusidhani kitu. Lakini hakulirudisha juu. Liko mezani, mahali pako.

Kwenye bendi nitajitahidi nisibane wala nisilegee. Hiyo ya chini siiwezi vizuri, dada. Njoo uipige mwenyewe.

Nisalimie shemeji. Mama anakukumbatia. Baba ameniona nikiandika. Hajasema nikusalimie, ila stempu ameileta yeye.

Mdogo wako akukumbukaye,
Kozue